UZI MAALUMU: Gari la zamani linabugia mafuta huku Nyanda za Juu Kusini. Sensa ipi ubadilishe, ipi uiache

waya_mweusi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati, wakishatangaza bei kikomo ya mafuta, simu yangu haipumziki. Huku tuko mbali na bandari, lita ya Mbeya ni ghali kuliko ya Dar, kwa hiyo gari likianza kubugia wese mtu analihisi mapema mfukoni. Anayenipigia mara nyingi keshabadilisha plagi, keshasafisha nozeli, na fundi wa tatu kamwambia "oksijeni imekufa", yaani sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Anachotaka kwangu ni kujua mpya inauzwa wapi.

Mimi ni fundi umeme wa magari, siuzi spea, ndiyo maana naweza kusema hili bila kuharibu biashara yangu: sensa haibadilishwi kwa kubahatisha. Na kwa magari ya huku kwetu kwenye baridi na milima, wa kwanza kushukiwa awe sensa ya joto la maji pamoja na themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Oksijeni ingoje zamu yake.

Injini ya petroli yenye nozeli (za kupuliza mafuta) inapigiwa hesabu na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Nozeli inafunguliwa kwa milisekunde chache tu, na muda huo unategemea mambo matatu: hewa iliyoingia ni kiasi gani, injini ina joto gani, na moshi uliotoka umebaki na oksijeni kiasi gani. Shabaha ni karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sasa sensa nyingi zikizeeka hazifi ghafla. Zinaanza kudanganya kidogo kidogo, taa ya injini haiwaki kwa sababu namba bado ziko ndani ya mipaka inayokubalika, na kontroli boksi inaziamini.

Tuanze na joto la maji. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, mfano Corolla 110, Carina Ti au Noah ya zamani, kuna vipimajoto viwili. Chenye waya mmoja kinapeleka mshale wa dashibodi. Chenye waya mbili kinapeleka habari kwenye kontroli boksi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mshale uko katikati, joto liko sawa", bado hajaniambia kitu kuhusu kile cha pili, na cha pili ndicho kinachoamua mafuta.

Kukipima hakuhitaji mashine. Ing'oe, tumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji iliyo jikoni, weka na kipimajoto humo humo, halafu shika pini mbili kwa multimita. Kwa Toyota nyingi utaona kilo-ohm 2 hadi 3 maji yakiwa digrii 20, na ohm 200 hadi 400 yakifika digrii 80. Kati ya hapo namba ziteremke taratibu bila kuruka ruka. Angalizo kwa watu wa Mbeya: tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Usione mapovu ukadhani ni 100, halafu ukaihukumu sensa nzima.

Iliyochoka inaweza kusema 50 wakati maji yako 85. Kontroli boksi inadhani injini ndiyo kwanza imeamka, inaendelea kumwaga mafuta ya asubuhi hadi jioni. Cha kushangaza, waya wa sensa ukikatika kabisa kuna nafuu: Toyota inawasha taa, inajiwekea joto la kukadiria, kwa kawaida digrii 80, na gari linatembea. Kwa hiyo msiniambie "taa haijawaka basi sensa ni nzima".

Themostati sasa. Hapa ndipo ninapokerwa. Nusu ya magari ya zamani ninayofungua hapa mjini hayana themostati. Fundi fulani aliitoa, akasema "hii inazuia maji, inachemsha gari", akafunga kifuniko na maisha yakaendelea. Ukiwa Dar es Salaam mwezi wa kwanza unaweza usione madhara mapema. Mwezi wa sita na wa saba huku, asubuhi ya Uyole au Igawilo, injini isiyo na themostati inaweza kutembea safari nzima ikiwa digrii 60, na ukishuka mteremko wowote mrefu joto linazidi kuporomoka. Themostati nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye digrii 82. Chini ya hapo kontroli boksi bado inaongeza mafuta, oili bado nzito, na injini inalika. Sensa ya maji hapo haina kosa, inasema kweli: injini ni ya baridi. Ukiibadilisha umetupa hela. Kama gari lako linatoa kodi (namba ya hitilafu) P0125 au P0128, zile za injini isiyofikia joto lake, soma aya hii mara mbili.

Ya pili kwa utata huku ni MAP, sensa ya presha ya hewa, kwa injini zinazoitumia kama 5A na 3S. Washa swichi bila kuwasha injini, soma namba kwenye mashine. Usawa wa bahari inasoma karibu kilopaskali 101. Mbeya inatakiwa isome 82 au 83, Njombe karibu 80, na ukiteremka Kyela inapanda hadi 95 hivi. Nimekuta sensa nzima imetupwa kwa sababu "haifiki 100". Itafikaje? Hewa yenyewe huku ndiyo hiyo. Injini ikiwashwa na ikapata moto, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikatulia, ishuke hadi 30 na kitu. Ikigoma kushuka, kabla ya kuilaumu kagua kipira kinachotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sensa. Kikipasuka, sensa inaonja hewa ya nje, kontroli boksi inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga. Kipira cha bei ya soda.

Oksijeni. Ile ya mbele, kabla ya masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi), ndiyo inayosahihisha mchanganyiko. Ikiwa nzima na ya moto, volti zake zinacheza kati ya 0.1 na 0.9, zinapita 0.45 kwenda na kurudi bila kukoma. Ikizeeka inakuwa mvivu: inabadilika polepole, au inaganda upande mmoja. Zile za kizamani zisizo na hita zinachoka kwenye kilomita 50,000 hadi 80,000, zenye hita zinaweza kufika 160,000. Gari lililotembea Japani kisha likaja kutumikia huku, fanya hesabu mwenyewe. Lakini kabla ya kununua, tazama ni nini kilichoiua: injini inayochoma oili, maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda, silikoni isiyo maalumu iliyopakwa kama gasketi. Usipoziba chanzo, mpya itafuata njia ile ile. Na tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa linaingiza hewa ya nje, sensa inaripoti "hewa nyingi", mafuta yanaongezwa bila sababu. Waliotoa masega na kuchomelea bomba kienyeji, kagueni hapo.

Ile ya nyuma, baada ya masega, kazi yake kubwa ni kuchunguza masega yenyewe. Kodi P0420, inayolalamikia masega, ikija usikimbilie oksijeni ya mbele.

Sensa ya hewa yenye waya wa moto, ile iliyoko kwenye bomba baada ya filta kwa magari kama IST, mara nyingi inahitaji kusafishwa tu kwa dawa yake maalumu. Usiiguse kwa kidole, usiipige upepo wa kompresa, usiimwagie dawa ya kabureta.

Sensa ya krenki na ya kamshafti ziacheni kwenye mada hii. Zikifa gari haliwaki au linazimika njiani, ni habari nyingine.

Kuhusu matarajio: Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kurekebisha gari lililokosa matengenezo kunapunguza ulaji kwa wastani wa asilimia 4 hivi, na tatizo kubwa kama oksijeni iliyokufa linaweza kuleta hadi asilimia 40. Hiyo 40 ni ya gari lililokuwa mahututi. Atakayekuahidi nusu ya mafuta kwa kubadilisha sensa moja kwenye gari linalotembea vizuri, mwulize kama atarudisha hela. Hao hao Wamarekani walipima pia filta ya hewa iliyoziba, wakaona kwenye gari la kisasa la petroli lenye kontroli boksi inapunguza nguvu ya kuchapuka, ulaji haubadiliki sana. Huku kila fundi anaanza na filta.

Karibuni kwa maswali. Leteni namba, msilete "fundi kasema".

kamwene_ipogolo

Kamwene wakuu. Mkuu waya_mweusi umenigusa. Mimi nina Noah ya zamani, injini 3S, napiga Iringa na Morogoro. Themostati ilitolewa kwa sababu ya mlima Kitonga. Nikiwa nimejaza abiria mshale ulikuwa unapanda hadi karibu na nyekundu. Walipoitoa ukatulia. Sasa ukiniambia niirudishe si unanirudishia ugonjwa? Kitonga siyo Uyole, mkuu.

waya_mweusi

Kamwene kaka. Kitonga naifahamu, na sikulaumu.

Themostati ikishafunguka yote, maji yanapita. Gari likichemka mlimani na themostati nzima, maana yake kuna kitu kingine kimechoka: rejeta imeziba kwa kutu ya maji ya bombani, kifuniko cha rejeta hakishiki presha, feni haivuti, au pampu ya maji imelika mapanga. Kifuniko watu wanakidharau sana. Kinashikilia presha ili maji yachelewe kuchemka, na kumbuka tumeshasema huku juu maji yanachemka mapema kuliko pwani.

Halafu jua hili: kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani kwa nyuma kinachoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kwenda kwenye rejeta. Kwa hiyo kutoa themostati kunaweza hata kuongeza joto kwenye mlima mrefu. Wako ulitulia pengine kwa sababu wakati wa kuitoa walimwaga maji ya zamani na kutoa hewa iliyokuwa imekwama. Osha rejeta, weka kifuniko kipya, hakikisha feni, weka koolanti badala ya maji matupu, kisha rudisha themostati ya digrii 82. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye maji ya moto uione kwa macho ikifunguka.

spea_kali

Naheshimu elimu yako mkuu ila unawachanganya watu. Mimi niko kwenye spea Mwanjelwa miaka mingi. Mteja akija na gari la mwaka 2000, namshauri abadilishe zote kwa mpigo: oksijeni, ya maji, ya hewa, throtoli (ya mlango wa hewa). Anachukua za mtumba kutoka Japani bei poa, anaondoka na gari jipya. Hayo masufuria nani ana muda nayo? Mwenye daladala akisimama siku nzima anapima ohm, hesabu ya tajiri nani analeta?

waya_mweusi

spea_kali karibu sana, nilikuwa nakusubiri 😀

Tutenganishe vitu. MAP, throtoli na sensa ya hewa za mtumba, kama ni orijino na zimetoka kwenye injini ile ile, mimi mwenyewe nafunga, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bandia yenye boksi la kung'aa. Hapo tuko pamoja. Ya maji mpya siyo ghali, sioni sababu ya mtumba. Oksijeni ya mtumba ndiyo nakataa kabisa. Ile ni kitu kinacholika kwa kutumika. Unamuuzia mtu uzee wa gari la mwenzake.

Na "zote kwa mpigo" ina ubaya wake. Gari likipona hujui kilichokuwa kibovu, na lisipopona hujui kama mojawapo ya ulizoweka ndiyo mbovu. Multimita na sufuria ni kazi ya nusu saa. Kuhangaika na sensa nne zisizojulikana ni kazi ya wiki, na hesabu ya tajiri inasimama vile vile.

spea_kali

Oksijeni nakuachia hiyo pointi. Ila za bandia zimejaa kweli, hata sisi wauzaji tunapigwa.

mama_parachichi

Jamani habari zenu. Niko Tukuyu, natumia IST ya 1.3 kupeleka mizigo midogo ya parachichi na kuwapeleka watoto shule. Taa ya injini imewaka, nimenunua kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, simu inaonyesha P0171. Fundi anasema hiyo ni oksijeni, ninunue. Na kweli mafuta yanaisha haraka kuliko zamani. Ninunue?

waya_mweusi

Ugonile dada. Usinunue bado.

P0171 inamaanisha kontroli boksi imeongeza mafuta hadi ikafika kikomo chake na bado oksijeni inaripoti hewa nyingi. Anayeripoti mara nyingi ni mzima, anafanya kazi yake. Swali ni hiyo hewa inaingilia wapi, au mafuta yanapungukia wapi.

Nifanyie hivi. Gari likiwa la moto, fungua kwenye simu sehemu ya namba za moja kwa moja, tafuta masahihisho ya mafuta, yako mawili: ya muda mfupi na ya muda mrefu, yanaandikwa kwa asilimia. Niandikie yanasemaje gari likiwa silensa, halafu mtu akanyage hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ashikilie hapo kidogo, uniandikie tena. Gari zima linakaa kati ya minus 5 na plus 5. Likipita 10 kuna jambo.

mama_parachichi

Silensa: mfupi +5, mrefu +19.
2,500: mfupi +1, mrefu +3.

waya_mweusi

Safi sana. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa cheti.

Hiyo ni hewa inayovuja baada ya sensa ya hewa. Silensa injini inavuta hewa kidogo, tundu dogo linaonekana kubwa. Ukikanyaga, hewa inakuwa nyingi, tundu lile lile halina uzito tena. Ingekuwa kinyume, silensa iko sawa halafu juu inapanda plus 15 au 20, ningekwambia safisha sensa ya hewa au angalia pampu na filta ya mafuta. Ingekuwa minus sehemu zote, hapo mafuta yamezidi: nozeli inavuja, presha iko juu, au ile ya maji inadanganya.

Mwambie fundi akague bomba la mpira kati ya filta na throtoli, hasa kwenye mikunjo yake kwa upande wa chini usioonekana, kipira cha kupumulia injini kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu, na gasketi ya manifoldi. Apulizie dawa ya kusafishia throtoli kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa silensa. Mlio ukibadilika, hapo hapo. Awe mwangalifu na ekzosi ya moto, dawa ile inashika moto.

Ila niwe mkweli kwako: uvujaji huu peke yake haufanyi gari linywe sana, kwa sababu kontroli boksi inarudisha tu kilichopungua. Kama ulaji umepanda hadi unaonekana, ukitoka safarini shika rimu za magurudumu yote manne, moja moja, kwa nyuma ya mkono na kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika. Na upepo wa matairi pima mwenyewe, usikisie kwa teke.

carina97

Mkuu, yangu ni Carina ya 97, 5A. Kile kidude cha Bluetooth nimechomeka hakisomi kitu. Nimeibiwa au?

waya_mweusi

Hujaibiwa. Marekani walilazimisha mfumo mmoja wa OBD, yaani wa gari kujisemea hitilafu, kuanzia magari ya 1996, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalichelewa kuufuata. Mengi ya miaka ya 90 hata yakiwa na soketi inayofanana, hayaongei lugha ya hicho kidude.

Yako ina njia ya kizamani, na mimi naipenda. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tafuta tundu la TE1 na la E1, ramani iko nyuma ya kifuniko. Ziunganishe kwa kipande cha waya. Hakikisha ni hizo mbili, ukikosea tundu unaweza kuchoma kitu. Washa swichi, usiwashe injini, usikanyage mafuta. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mbili, ikapumzika, moja, hiyo ni 21, yaani oksijeni. 22 ni ya joto la maji. 31 ni MAP kwenye injini yako. 41 ni ya throtoli.

Na kodi inakutajia njia nzima ya umeme, kuanzia sensa hadi kontroli boksi. 22 inaweza kuwa soketi yenye ukijani wa kutu. Anza kuvuta soketi, safisha, rudisha, futa kodi kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja, tembea, soma tena.

mzee_wa_chimala

Vijana, na sisi wa Hilux ya dizeli 3L tusaidieni. Inatoa moshi mweusi ikipanda, mafuta yanakwenda.

waya_mweusi

Shikamoo mzee. Hiyo haina oksijeni wala kontroli boksi ya nozeli, pampu yake ni ya vyuma. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani itamwaga mafuta mengi mno kwa hewa ya huku, ndiyo huo moshi mweusi. Na kwako filta ya hewa ina maana kuliko kwa wenye petroli, kwa sababu hakuna anayesahihisha mafuta hewa ikipungua. Anza na filta, kisha peleka nozeli na pampu kwa mtu mwenye mashine ya kuzipimia. Asiye na mashine asifungue pampu.

mzee_wa_chimala

Marahaba. Nimekuelewa.

carina97

Mrejesho. Imepepesa 22. Soketi ilikuwa na ukijani kweli, nimeisafisha lakini kodi ikarudi. Nimefanya hilo zoezi la sufuria, mke wangu kanishangaa. Maji yakiwa 80 inasoma kilo-ohm 1.1, na nikiigongagonga namba inaruka. Nimeweka mpya. Sasa nitajuaje kama ulaji umeshuka kweli na siyo mawazo yangu tu?

waya_mweusi

Hiyo imekufa mchana kweupe.

Kupima ulaji: jaza fultenki, acha bomba likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Tembea mpaka utumie robo tatu ya tenki, rudi pampu ile ile, jaza vile vile. Gawa kilomita kwa lita. Usipime kwa mshale wala kwa "elfu kumi ilikuwa inanifikisha wapi", bei inabadilika kila mwezi.

Na usipime safari ya upande mmoja. Huku hilo linawapoteza wengi. Kutoka Kyela, karibu mita 500, hadi Mbeya mjini, 1,700, umelinyanyua gari mita 1,200. Gari la kilo 1,300, kwa ufanisi wa kawaida wa injini ya petroli, karibu lita mbili zinaishia kwenye kulinyanyua tu, achilia mbali kwamba njia inapanda Isyonje kwanza kisha ndiyo inashuka Uyole. Anayekuja anasema gari linakula, anayekwenda anasema limepona, gari ni lile lile. Pima kwenda na kurudi, mzigo ule ule.

Kama umeshachomoa betri, kontroli boksi imesahau masahihisho ya zamani, iache itembee siku kadhaa ijifunze ndipo uanze kuhesabu.

mama_parachichi

Nimerudi. Fundi kakuta bomba la mpira limechanika kwa chini, pale pale kwenye mkunjo. Taa imezima, mrefu silensa sasa ni +2. Na rimu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto hadi nikatoa mkono! Viatu vya breki vilikuwa vimegandia, nadhani tangu mvua za masika. Vimesafishwa. Gari limekuwa jepesi hata mteremko wa kwenda sokoni nalisikia linataka kukimbia lenyewe. Oksijeni sijanunua. Ndaga fijo.

spea_kali

Kwa hiyo uzi wa sensa umeishia kwenye viatu vya breki 😂

kamwene_ipogolo

Mkuu, mimi rejeta nimeosha, kifuniko kipya, themostati nimerudisha. Kitonga nimepanda nimejaza, mshale haukufika hata robo tatu. Sasa mashine inasoma oksijeni ya mbele imeganda 0.1, na nikimwagia gesi ya jiko kidogo kwenye filta haisogei kabisa. Ekzosi nimekagua haina tundu. Nadhani hii sasa ndiyo yenyewe. Tatizo haifunguki, imeshikana na bomba. Fundi anataka kutumia bomba refu na nguvu.

waya_mweusi

Ukiipa mchanganyiko mzito hivyo na bado imelala 0.1, hapo sina ubishi, badilisha. Kwanza pima tu hita yake: kama ni ya waya nne za Denso, nyeusi mbili ndizo hita, zisome kati ya ohm 11 na 16 ikiwa ya baridi. Na hakikisha umeme unafika kwenye soketi, isije fyuzi ya hita ikawa imekata na mpya nayo ikalala.

Kufungua: usilazimishe ikiwa ya baridi, utang'oa uzi wa bomba. Washa gari lipate moto, zima, pulizia mafuta ya kulegezea kutu, subiri, rudia. Tumia soketi maalumu ya 22 yenye mkato wa kupitisha waya, spana ya mdomo wazi itaviringa kona. Geuza kidogo kufungua, rudisha kidogo kufunga, endelea hivyo hadi ilegee. Mpya nyingi zinakuja na grisi yake kwenye uzi, hiyo inatosha. Grisi isiguse ncha yenye matundu. Soketi ya umeme usiijaze silikoni wala grisi, sensa nyingi zinavuta hewa ya nje ya kulinganishia kupitia kwenye waya. Na waya uubane mbali na bomba la ekzosi kabla hujashuka tena Kitonga.